Maswali Matatu ya Daktari wa Kuku

Kijana akiingia dukani kwa Daktari wa Kuku kuulizia ile dawa ya kulazia farasi ambayo vijana huitumia kulewa, jibu lilikuwa moja tu: farasi yuko wapi? Kijana anasema yuko nyumbani. Nyumbani wapi? Huruma. Gorofa ya ngapi? Ya nne. Hapo Daktari anavua miwani, anaifuta kwa pindo la koti, kisha anamwambia kwa upole aende akamlete huyo farasi apimwe uzito, maana yeye hampi dawa mgonjwa ambaye hajamwona. Na akimshusha ngazi amshike vizuri, asije akateleza.

Nilikuwa nikiyasikia haya yote nikiwa saluni kwangu, hapo Kariobangi, kwa sababu kati yangu na yeye palikuwa na ukuta wa bati moja, na bati lenyewe lilikuwa na matundu ya misumari. Kwa miaka tisa nilisuka watu nikinusa chakula cha kuku, naye aliuza chakula cha kuku akinusa dawa zangu za kulainisha nywele. Kila mmoja wetu alidai mwenzake ndiye atakayemmaliza. Wateja wangu walikuja na habari, yeye akazidaka kupitia matundu, na kufikia saa kumi alasiri habari ilikuwa imefika stejini ikiwa imenona. Sijapata kuona mwanamume mwenye mdomo kama ule. Ni yeye aliyeutangazia mtaa kwamba mhubiri wa kanisa la pembeni hupaka nywele rangi. Ni kweli alikuwa akipaka. Rangi alikuwa akinunua kwangu, na sikuwa nimemwambia mtu isipokuwa wateja wangu.

Hakuwa daktari wa watu, na hata udaktari wa kuku sikuwahi kuona cheti chake. Alikuwa na koti jeupe alilolitoa kwenye mitumba ya Gikomba, lenye jina la Mzungu fulani limeshonwa mfukoni kwa uzi wa buluu, na watu wapya walimwita kwa jina hilo, naye akaitika. Dukani kulikuwa na magunia ya chakula, chanjo za vifaranga ndani ya friji ndogo, dawa za minyoo, na mizani ya kuning'iniza ambayo alikuwa radhi kumpimia mtu yeyote chochote, hata mtoto mchanga akifungwa vizuri kwa leso. Kuku mwenyewe hali. Tukimkaribisha mguu wa kuku kwenye sherehe, anasukuma sahani na kusema hawezi kula mgonjwa.

Ile dawa ya farasi hakuwa nayo, wala hajawahi kuwa nayo. Farasi mwenyewe sidhani kama aliwahi kumshika. Nikamuuliza siku moja kwa nini asiseme tu kwamba hauzi, kijana aende zake. Akaniambia akisema hana, kijana ataitafuta kwingine, lakini akimuuliza farasi yuko wapi, kijana atacheka, na mtu akishacheka hana haraka ya kuondoka. Na kweli walikuwa wakikaa. Wanaketi juu ya gunia la chakula cha vifaranga, naye anawaeleza, polepole, kwamba dawa ile ilitengenezwa ili mgonjwa akatwe asisikie, kwa hiyo ukiimeza au kuivuta juu ya gorofa isiyo na ukingo, utaanguka na hutajua kama umeanguka. Na ukiizoea, kibofu chako kitaharibika, utakuwa ukienda choo kila robo saa ukilia. Kijana aliyekuja akitembea kwa madaha alikuwa akiondoka ameshika tumbo.

Vidonge vya pati alivichukia kwa sababu nyingine: havina lebo. Hilo lilimuuma kama mtu aliyetukanwa. Alikuwa akitoa kichupa cha chanjo kwenye friji, anamsomesha kijana kwa sauti: jina hili hapa, namba hii hapa, siku ya kuharibika hii hapa, na hii yote ni kwa ajili ya kifaranga ambaye ataliwa na chipsi baada ya wiki sita. Sasa lete yako tusome. Kijana anafungua karatasi, na ndani mna kidonge cha kijani chenye picha ya nyota.

"Nyota," Daktari anasema. "Kifaranga ana maandishi, wewe una nyota."

Na siku za Jumanne. Hizo Daktari alikuwa akizijua kuliko mtu yeyote. Alisema wale waliocheza Jumamosi kwa vidonge hawaugui Jumapili, wanaugua Jumanne. Wanakuja wamekunja uso, machozi karibu, hawajui wanalilia nini, na mataya yanawauma kwa kuwa walisaga meno usiku kucha. Kuna msichana mmoja mteja wangu alilia nikimsuka mpaka nikadhani nimemvuta nywele. Daktari akachungulia kwenye tundu, akamwambia asiogope, asitafute kingine cha kumchangamsha, ale, alale, amuite mtu akae naye, na ikipita wiki haijaisha aende hospitali. Jumamosi ulikula mtama wa wiki nzima, akamwambia, ndiyo maana leo ghala lako ni tupu. Yule msichana akaacha kulia kwa mshangao wa kusikia ukuta ukizungumza.

Usidhani alikuwa malaika. Alihubiri haya yote akiwa na ugoro kwenye pua zote mbili, akipiga chafya hadi vifaranga wananyamaza. Chai yake ilikuwa na sukari vijiko sita, nilihesabu. Nilipomuuliza mbona anawakataza watoto wa watu huku yeye anavuta tumbaku, alisema ugoro wake una lebo. Alinionyesha kopo. Kweli lilikuwa nayo.

Tena alikuwa akikosea, na akikosea alikosea kwa kujiamini. Kwa muda mrefu aliwaambia vijana kwamba wakienda kucheza wanywe maji mengi. Fundi mmoja wa kuchomelea vyuma akalishika neno hilo, akanywa jagi baada ya jagi mchana kutwa, mpaka akaanza kutapika na kuongea maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Huko hospitali wakasema maji yamezidi chumvi ya mwilini, na kwamba hata hayo yanaua. Daktari alifunga duka siku mbili. Alipofungua alikuwa na maneno mapya, ya kunywa kidogo kidogo, kupumzika kivulini, kula kitu chenye chumvi, na alimtafuta kila kijana aliyewahi kumwambia yale ya kwanza, mmoja mmoja, akamwambia nilikudanganya. Nilimpenda zaidi baada ya hapo, ingawa sikumwambia.

Lakini kitu kilichomfanya awe yeye ni maswali matatu. Aliyapata kwa wafuga kuku. Mtu analeta kuku amelegea shingo, ukimuuliza amekula nini anasema chakula cha kawaida tu. Kumbe amempa makombo ya harusi, au dawa ya binadamu, au amechanganya chanjo na maji ya moto kwa sababu kulikuwa na baridi. Kuku hawezi kujisemea, mwenye kuku ndiye wa kusema, na mwenyewe anaona haya. Kwa hiyo Daktari alikuwa akiuliza bila kuinua macho, kana kwamba anauliza saa: amekula nini, saa ngapi, na kiasi gani? Na mwenye kuku akianza kujitetea, anamkatiza: sijakuuliza kama una makosa, nimekuuliza amekula nini.

Maswali hayo hayo aliwauliza vijana. Na huyu mtu ambaye hakuweza kukaa na habari ya rangi ya nywele kwa nusu saa, majibu ya vijana hawa hakuwahi kuyatoa. Nilimjaribu. Nilimpikia chapati. Nilimwambia najua tayari, athibitishe tu. Akala chapati, akanihadithia mambo ya mke wa mwenye nyumba, ila ya vijana hakuyagusa. Alisema siku atakayotoa moja, hakuna atakayemwambia ukweli tena, na yule atakayenyamaza ndiye atakayekufa.

Sasa nije kwa Brayo.

Brayo ni ndugu yangu mdogo. Mama yetu anaishi Makongeni na ni kiongozi wa akina mama kanisani, mwenye kitambaa cha kichwa cheupe kisicho na mkunjo, na aliponikabidhi Brayo akae kwangu atafute kazi, aliniambia nimrudishe alivyo. Wiki moja kabla ya siku ninayotaka kueleza, nilikuwa nikifua suruali yake nikakuta vidonge viwili vya kijani kwenye kimfuko kile kidogo cha jinzi. Vina nyota. Nilivirudisha mahali pake. Nilijiambia nitaongea naye, nikaona haya, wiki ikaisha.

Jumamosi, saa tisa mchana, jua la Januari, rafiki yake akanipigia simu. Wako juu ya gorofa Huruma, wana pati, Brayo amezidiwa. Nilimwacha mteja kichwa kikiwa nusu kimesukwa nusu Mungu anajua, nikakimbia. Ngazi za gorofa tano nikazipanda bila kujua nazipandaje. Na nilipofika juu, mtu wa kwanza kumwona alikuwa Daktari wa Kuku.

Hakuitwa kwa ajili ya Brayo. Aliitwa kwa ajili ya kuku. Mwenye nyumba hiyo alikuwa anafuga broila mia mbili kwenye vibanda mwisho wa paa, na jua pamoja na spika za dijei vilikuwa vimeanza kuwaua. Daktari alikuja na mkoba wake na ndoo ya maji ya glukosi, akaagiza kwanza muziki uzimwe, na muziki ulipozimwa ndipo watu wakaona kwamba Brayo, aliyekuwa amekaa chini ya spika, hajakaa bali ameanguka.

Wenzake walikuwa wamemzunguka kama watu wanaotazama bao. Mmoja amemshika kichwa, mwingine anamimina maziwa ya pakiti mdomoni, kwa sababu kwetu mtu akimeza kitu kibaya, chochote kile, tunakimbilia maziwa dukani kabla ya kukimbilia hospitali. Maziwa yalikuwa yakitoka pembeni ya mdomo. Daktari aliipiga ile pakiti ikaruka hadi kwenye kuku.

"Anazama, si mnaona?" akasema. "Mlazeni ubavu. Na nyinyi wengine tokeni hapo, mnamnyima hewa."

Akamgusa shingo kwa mgongo wa kiganja, jinsi anavyowagusa broila. Akasema huyu anaungua. Kisha akafanya jambo ambalo mama mmoja wa gorofa ya tatu hajamsamehe mpaka leo: alivuta shuka zote mbichi kwenye kamba za nguo, shuka za watu, foronya za watu, na kitenge kipya, akamfunika navyo Brayo, akavimwagia maji ya kuku, akampa kila kijana trei ya mayai apepee. Basi hapo nilipokuwa nimesimama niliona ndugu yangu amelala ubavu ndani ya mashuka ya maua, vijana wanane wanampepea kwa trei za mayai, na nyuma yao kuku mia mbili wametandaza mabawa wanahema. Nikitaka kucheka leo nacheka. Siku ile sikucheka.

Daktari akauliza, bila kuinua macho, "Amekula nini, saa ngapi, na kiasi gani?"

Vijana wakatazama viatu vyao. Aliyenipigia simu akaanza, "Buda, sisi hatujui, tulikuwa tu tunadensi..." akakwama. Walidhani polisi wako ngazini. Daktari akanigeukia mimi.

Nikasema, "Soda. Amekunywa soda tu."

Mimi. Mtu mzima, niliyesikia maswali yale kupitia bati kwa miaka tisa, niliyewacheka wafuga kuku na makombo yao ya harusi. Nilimwona mama yangu na kitambaa chake cheupe, nikaona haya kuliko nilivyoogopa, na uongo ukatoka wenyewe. Daktari alinitazama jinsi alivyowatazama wale wafuga kuku wote, bila hasira.

"Sijakuuliza kama una makosa," akasema. "Nimekuuliza amekula nini."

Basi nikamwambia. Vidonge vya kijani, vya nyota, viwili nilivyoviona mimi. Na niliposema, yule wa simu akasema kweli, viwili, cha kwanza saa sita, akaona hakishiki, akameza cha pili baada ya saa moja, halafu vyote vikashika pamoja, na katikati alikuwa na pombe. Daktari aliyarudia maneno hayo kwa sauti ya chini kama mtu anayekariri namba ya simu. Tulimshusha Brayo juu ya mlango wa kibanda cha kuku, gorofa tano, na gari likatupeleka hospitali.

Hospitalini daktari wa zamu alitoka, naye Daktari wetu, koti la Mzungu limejaa kinyesi cha kuku, akamkabidhi mgonjwa: kijana wa kiume, kilo sitini na mbili, kidonge kisicho na lebo, mara mbili, saa sita na saa saba, juu ya pombe, jua kali, kucheza saa tatu bila kivuli, amepoteza fahamu dakika arobaini zilizopita. Daktari wa zamu aliandika yote. Kisha akamuuliza, kwa heshima, yeye yuko hospitali gani.

"Kariobangi," akajibu.

Brayo alilazwa siku sita. Siku ya kwanza mkojo wake ulikuwa na rangi ya kola, misuli ilikuwa imeungua ikaanza kuziba figo, na daktari alituambia wazi kwamba kama tungemchelewesha tukimnywesha maziwa na kubishana kuhusu soda, tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Aliamka akauliza shuka za maua ni za nani. Leo ni fundi wa mageti, anafanya kazi kivulini, ana jino moja lililovunjika kwa kusaga, na jua la saa nane likiwaka anakimbia kama mtu anayedaiwa.

Mama alipata fununu tu. Alikuja Kariobangi akiwa amevaa sare ya kanisa, akanipita mimi, akaenda moja kwa moja dukani, na mimi nikaweka sikio kwenye tundu. Alimuuliza Daktari mwanawe alikuwa na ugonjwa gani. Nilisikia vifaranga wakidonoa.

"Ilikuwa joto, mama," akasema. "Jua lilimzidi. Mengine atakuambia mwenyewe akiwa tayari."

Hakudanganya, wala hakusema. Brayo alimwambia mwenyewe baada ya miezi mitatu, na mama hakuanguka, kama nilivyokuwa nimeogopa. Alimuuliza kama figo bado zinauma.

Daktari alifunga duka mwaka juzi. Goti lilimkataa, na binti yake, mwalimu wa shule ya msingi, akamchukua akae naye Makongeni. Bati liko pale, ila upande wa pili sasa wanauza simu, na hawana habari yoyote ya maana. Mwezi uliopita nilikwenda kumwona. Nilimkuta kitini, amepungua, mikono inatetemeka kidogo, anasema kichwa kinamzunguka akisimama. Binti yake alikuwa kazini. Nikamuuliza anatumia nini, akasema vidonge vya presha, kimoja asubuhi, basi.

Nilisuka watu miaka ishirini, najua mtu anayenificha kitu hata akinipa kisogo. Nikamuuliza tena.

"Umekula nini, saa ngapi, na kiasi gani?"

Akasema, "Chai."

Alitazama dirishani. Alitoa kopo la ugoro akalirudisha. Na mimi nikasema, kwa sauti yake mwenyewe, kwamba sijamuuliza kama ana makosa. Akainama, akavuta kutoka chini ya kiti pakiti ya unga wa njano. Nikaijua kabla sijaisoma. Ni ile ya vitamini za kuku wa mayai, ya kuongeza nguvu na utagaji. Vijiko viwili kwenye chai, asubuhi na jioni, tangu wiki mbili zilizopita, kwa sababu alijisikia mnyonge na aliona aibu kumwambia binti yake kwamba vidonge vya presha vinamchosha. Akanionyesha maandishi kwenye pakiti.

"Ina lebo," akasema, lakini kwa unyonge.

Nilicheka mpaka nikalia, kisha nikalia kidogo tu, bila kucheka. Nikamvalisha koti lake, lile la Mzungu, tukaenda polepole hadi kliniki ya barabarani, yeye akiegemea bega langu. Njiani aliniomba nisimwambie binti yake. Nikamwambia habari yake nitaikalia mpaka atakapokuwa tayari kuisema mwenyewe, na nimeikalia, ingawa inaniwasha kila mteja anapoketi. Hapa naiandika kwa sababu alimweleza binti yake Jumapili.

Kliniki kulikuwa na kijana mwenye stethoskopu shingoni, umri wa Brayo. Akauliza, mzee, kuna dawa nyingine yoyote unayotumia? Daktari akanitazama. Niliona haya yakimpanda usoni, nikayatambua, yalikuwa yangu ya siku ile juu ya gorofa.

"Andika," akamwambia kijana. "Ya kuku wa mayai. Vijiko viwili, mara mbili kwa siku, wiki mbili. Uzito wangu kilo hamsini na tisa."

Kijana aliacha kalamu hewani, akangoja kuona kama ni mzaha, kisha akaandika yote.